Ugali wa Simba

Juzi daktari wa mifugo alifika kwangu Nyakato, kwenye ghorofa niliyoijenga mimi niliyeishia darasa la nne, akasema mbwa wangu anayetapika apewe chakula laini, kidogo kidogo. Nikamkumbuka bibi yangu wa Kisesa.

Nilipokuwa mtoto kwake, mbwa wetu Simba alikuwa anatapika kila alichokula, amebaki mbavu tupu, na ng'ombe hawakuwa na mlinzi mwingine. Mchana mmoja jikoni kulinuka moshi na samaki sato. Bibi akatafuna ugali, akautema kiganjani, Simba akaulamba. Nilishikwa na butwaa, nikajua kwa mate yale sasa mbwa ataanza kuongea kama watu.

“Bibi, unamlisha mate?”

“Nyamaza wewe. Maziwa ya mama yako yalipokauka, unadhani nilikulisha vipi?”

Simba hakutapika tena. Aliyeshindwa kula jioni ile ni mimi.