Shimo Chini ya Dirisha la Shangazi

Nilipokuwa na miaka tisa, tukipanga nyumba Noonkopir, pale Kitengela, nilimchukia mtu kwa mara ya kwanza. Chuki yenyewe sijaimaliza hadi leo.

Mtu huyo alikuwa shangazi Felista, dadake baba, aliyetoka Kakamega kuja kumsaidia mama alipojifungua mdogo wangu wa kiume, Ema. Tulikuwa na mbwa, Popi, wa rangi ya vumbi, sikio moja limekatika. Mtoto alipoletwa nyumbani mama aliingiwa na wasiwasi juu ya mbwa, lakini jirani yetu Mmaasai, Mama Naserian, alimcheka.

"Kwani mbwa si mtu wa boma? Mpeni shuka ya mtoto anuse. Akishajua harufu yake, atamlinda kama ndama."

Nikamtandikia Popi shuka ya Ema. Akainusa polepole, akapiga chafya, akailalia. Jioni mama alikaa chini na mtoto mapajani, Popi akamnusa mtoto kisigino mara moja, akaenda kulala mlangoni. Tangu hapo hata muuza maziwa hakuthubutu kuingia bila kuitwa.

Kilikuwa kiangazi. Shangazi alikuwa na kawaida ya kumwaga maji ya kumwogeshea mtoto nje, chini ya dirisha la mama. Udongo wetu mweusi ulikuwa umepasuka kila mahali, na pale tu ndipo palikuwa na ubaridi. Popi akachimba, akajilaza. Mbwa yeyote mwenye akili angefanya vivyo hivyo! Shangazi alipoona, alishika kichwa.

"Uuwi! Huyu anamchimbia mtoto kaburi!"

Kwao, au niseme kwetu, mbwa akichimba uani amenusa kifo, na shimo likiwa chini ya dirisha la mtu, basi ni la huyo mtu. Baba alibisha kidogo tu. Mama alimvuta Ema kifuani. Mimi nilimkumbatia Popi shingoni nikilia.

"Shangazi, ni maji yako! Anatafuta baridi!"

"Nyamaza, wewe. Unataka tuzike?"

Kesho yake, nikiwa shule, shangazi alimkabidhi Popi kwa dereva wa lori la mawe aliyekuwa anarudi Kiserian. Nilikuta kamba tu. Siku mbili sikula vizuri, nilikuwa nawaza nitamfanya nini shangazi huyu. Nilipopata wazo, nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe.

Alasiri moja alienda maombi. Nikaenda chini ya dirisha la chumba alicholala yeye, nikamwaga ndoo ya maji, nikachimba kwa vidole, kama mbwa, mpaka kucha zikatoa damu. Raha niliyosikia! Nilitaka aone kifo kinamfuata yeye, atetemeke, afungashe, aende zake.

Nilijificha nyuma ya tangi la maji nimtazame. Alirudi, akaliona lile shimo. Kisha akapiga magoti papo hapo kwenye matope, na nguo yake ya kanisa, akaanza kulia.

"Asante Yesu," alisema. "Kumbe ni mimi. Si mtoto."

Nilibaki nimekunja ngumi, sijui hasira yangu niipeleke wapi.

Asubuhi alifungasha kweli. Alimwambia mama anaenda kungojea nyumbani, msiba usije ukaingia kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Alimbusu Ema kwenye nyayo, akaniita.

"Wewe ndio mkubwa. Umwangalie."

Neno moja tu lingetosha abaki, na mama alimhitaji. Nikamfikiria Popi juu ya lile lori, nikafunga mdomo.

Shangazi hajafa. Yuko Kakamega, meno yamebaki machache, na kila akipiga simu huuliza kama Ema amekula, kama Ema ameoa. Ema mwenyewe ni jitu zima, akiingia mlangoni anainama. Juzi shangazi aliniambia kwamba tangu atoke Kitengela hajawahi kulala bila kujikabidhi kwa Mungu, maana alishaonyeshwa kaburi lake. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayezungumzia mvua.

Sijamsamehe kwa ajili ya mbwa wangu. Lakini mimi nilitaka aogope wiki moja tu. Imepita miaka zaidi ya ishirini, bado analala kila siku akingojea, na mimi bado sijamwambia.