Dodoki la Shaba la Verna

Kule Montana, Delbert Kvamme, fundi magari mstaafu, aliyeyusha vipande chakavu vya madini ya risasi gerejini kwake, akayamimina kwenye kalibu na kujitengenezea risasi za bastola. Kila akitoka kulenga shabaha, mtutu umegandwa na madini hayo ndani. Basi mbio jikoni kuiba dodoki la shaba la mkewe Verna, azungushie nyuzi zake kwenye brashi, asugue mtutu huku akilaani.

“Tatizo ni mafuta,” alisema, akizipaka risasi nta ya nyuki zaidi. “Hayajakolea.”

“Mafuta tangu Pasaka!” Verna alifoka. “We mzee, risasi zako zinapwaya mtutuni. Suruali ikikupwaya, unaipaka mafuta au unatafuta inayokukaa?”

Delbert alinuna. Lakini Verna alipokwenda kanisani, alibadilisha kalibu kimyakimya, akamimina risasi nene zaidi kidogo. Jumamosi, baada ya kulenga shabaha, mtutu ukatoka unang'aa kama kioo. Walenga shabaha wenzake wakamzunguka, wakiuliza siri ni nini.

“Mafuta!” alisema, kifua mbele.

Verna, aliyewaletea pai, akachomoa dodoki mkobani, akamtia mkononi.

“Hongera, mume wangu. Bastola hailihitaji tena, kwa hiyo leo utalisugulia masufuria yangu yaliyojaa mafuta. Si wewe ndiye bingwa wa mafuta?”