Mwangwi Makaburini

Fundi sauti wetu hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa akirusha mazishi mubashara pale mwangwi ulipoanza, kila neno la sala likijirudia. Ulitoka kwa binti wa marehemu, aliyejiunga kwa simu kutoka ng'ambo.

"Mwambie avae spika za masikioni, utakwisha," fundi alimwambia kaka mtu.

"Mzime sauti tu. Alimtupa baba, leo ndiyo anajifanya ana uchungu?"

Fundi akamzima. Zamu ya binti kuaga ilipofika, kaka aliwaambia waombolezaji, mbali na maikrofoni, kwamba mtandao umegoma. Lakini kwenye kompyuta ya fundi binti alikuwa akizungumza, machozi yakimtiririka, bila sauti. Mwisho midomo yake iliuliza, "Mmenisikia?"

Kaka akaisogelea kamera, akamwinulia dole gumba. Fundi akainamia nyaya zake.