Nilimpeleka mke wangu bistro ya Wafaransa hapa Doha nimshawishi asirudi nyumbani, akanikatia nyama

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio off na mlio duty.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na rafiki wa rafiki. Nikitia chumvi mahali nitawaambia hapo hapo.

Picha hakuna. Msianze.

Mimi ni mtu wa Voi, nafanya security kwenye jengo moja la ghorofa pale Fereej Bin Mahmoud. Kulala nalala Industrial Area, kambi ya kampuni, basi linatuleta na kuturudisha.

Mke wangu, Mama Neema, naye alikuwa hapa hapa Doha. Alikuwa analea mtoto kwenye nyumba ya Waarabu, kijana mdogo wanamwita Hamoudi. Binti yetu Neema tulimwacha Voi kwa mama yangu mzazi.

Watu wa nyumbani wakisikia mume na mke wote wako Qatar wanadhani tunalala kitanda kimoja. Thubutu! Yeye anaishi kwa madam, mimi kambini na wanaume wanaokoroma. Tulikuwa tunaonana Ijumaa mchana tu, akipewa off. Tunakutana mtaa wa Najma kwenye kafeteria ya Wahindi, chai mbili za karak na chapati, tunaongea hadi saa yake ya kurudi.

Ndoa yangu yote ilikuwa pale, kwenye meza ya plastiki.

Na niwaambie ukweli, nilikuwa naipenda hivyo hivyo. Wiki nzima supervisor anakufokea, jua linakuchoma mpaka kisogo, wewe unajiambia tu, Ijumaa yaja. Wale mko Ghuba mnanielewa. Wale mko nyumbani mnalala na wake zenu kila siku na bado mnalalamika, nyinyi ngojeni kwanza.

Sasa mkataba wake ukawa unaisha. Madam akataka asaini tena miaka miwili, na alimpa wiki kadhaa afikirie, jibu Jumamosi ya mwisho. Tena huyo madam si wale tunaowasikia. Si kila madam ni shetani, tuweke hilo wazi.

Mama Neema akawa ananiuliza, "Wewe wasemaje, Baba Neema?"

Mimi najibu, "Tutaongea."

Ijumaa inayofuata, "Tutaongea." Mpaka akanuna.

Lakini nilichotaka nilikijua. Nilitaka asaini, abaki. Na kabla hamjanirukia, haikuwa tamaa ya pesa. Mwenzenu nilikuwa naogopa Ijumaa bila yeye. Nikawa najituliza kwamba Neema yuko kwa bibi yake, anakula, anakua, tatizo liko wapi?

Basi. Chini ya jengo ninalolinda kuna bistro, yaani mkahawa, wa Wafaransa. Kadogo tu. Meza zimebanana, taa za manjano hata mchana, chakula wameandika kwa chaki ukutani. Mimi kazi yangu ni kusimama nje, kwa hivyo naona ndani kupitia kioo. Watu wakikaa mle wanainamiana, wanaongea polepole, wanacheka bila kelele. Sijawahi kuona mtu akigombana mle ndani.

Nikasema, hapa ndipo nitamwambia Mama Neema abaki. Mahali kama hapa mtu hawezi kukataa.

Mle ndani kuna waiter Mkenya, Kevo wa Nakuru, baba wa watoto wanne, mdomo hauna breki. Akaniwekea meza ya kona, mbali na mlango. "Mkubwa, nakuomba kitu kimoja tu," akaniambia. "Usije na hilo koti la kazi, wateja watakuonyesha ID."

Ijumaa ya mwisho kabla ya jibu ikafika. Mama Neema alivaa gauni la bluu sijawahi kuliona. Nikamwambia amependeza, akaniambia nipunguze sauti, watu wanasikia. Lakini alikuwa anatabasamu.

Tukaketi. Kevo akatusomea ule ukuta, maana wote ulikuwa Kifaransa. Mwisho akainama akaninong'oneza, "Lakini bro, hii ya katikati ndiyo wengi wanaagiza. Ni nyama na chips."

Nyama na chips! Wakuu, nimesimama nje ya kile kioo muda wote ule nikidhani watu wanakula miujiza.

Tukaanza na supu ya vitunguu. Ina mkate ndani na jibini juu, ukiinua kijiko inakufuata kama chingamu. Mama Neema akaonja, akasema, "Hawa waliunguza vitunguu, wakaona aibu kumwaga."

Nikacheka mpaka Kevo akaja kuangalia. Na tuliimaliza yote, tukapangusa bakuli na mkate. Ilikuwa tamu, tusidanganyane.

Hapo mimi nina hotuba yangu tayari. Nimeifanyia mazoezi mlangoni wiki nzima. Nikasema ngoja nyama ije kwanza, mtu akishiba moyo unalainika.

Nyama ikaja. Kipande kikubwa, chips pembeni, na yale maharagwe mabichi marefu ya kijani.

Mama Neema akavuta sahani yangu.

Kwetu mke kumwandalia mume ni heshima, kwa hivyo mimi nikatanua kifua. Nikaangalia meza ya jirani kama wanaona jinsi mwanaume anavyotunzwa.

Akachukua kisu, akaanza kukata. Akakata, akakata. Vipande vidogo vidogo, vidogo kuliko nyanya za kachumbari. Huku anaendelea kunisimulia habari za kanisani. Akachukua yale maharagwe, akayakatakata, akayafukia chini ya nyama yasionekane. Akachoma kipande kwa uma, akakipuliza mara kadhaa, akakigusisha mdomo wake kuona kama kimepoa.

Halafu akauleta uma mpaka kwenye mdomo wangu.

"Yalla habibi, kul." Yaani, haya mpenzi, kula.

Mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu, nikabaki nimefungua mdomo.

Akaniona. Akaona uma. Maskini, uso wake ulivyobadilika! Tukaangua kicheko, tukacheka mpaka akashika meza. Mzee wa Kizungu meza ya pili naye akacheka, sijui alielewa nini.

Halafu kicheko kikaisha kwake kabla ya kuisha kwangu.

Akaweka uma chini. "Kila siku namfanyia Hamoudi hivi," akasema. "Nisipompulizia hali."

"Si vibaya, Mama Neema. Ni mazoea tu."

"Neema anapenda nyama?"

Nikaokota chips moja. Sikujua.

"Nakuuliza, Baba Neema. Anakula maharagwe? Au naye anafichiwa?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui," akasema. "Nilimwacha hana meno ya kutafuna."

Hakulia kwa kelele. Machozi yalikuwa yanashuka tu, na yeye anayapangusa kwa kile kitambaa cha mezani, kisha anakikunja vizuri kama alivyokikuta. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi pia ni mzazi, lakini siku ile ndiyo nilielewa kuna uchungu yeye alikuwa anautafuna peke yake, mimi namwambia tutaongea.

Kevo alikuwa anakuja na maji. Akatuona, akageuka na jagi lake akarudi alikotoka. Sijawahi kumshukuru kwa hilo.

Mama Neema akajituliza. Akanisogezea sahani, akaniambia, "Haya, ulikuwa unataka kuniambia nini? Hukunileta kwa Wafaransa bure, nakujua."

Wakuu, ile hotuba ilikuwepo. Yote nilikuwa naikumbuka, mpaka mahali pa kumshika mkono. Na nilijua nikiisema atakubali, maana yule mwanamke hajawahi kuninyima kitu. Hilo ndilo lilinitisha. Angenikubalia, akarudi kwa madam, akaendelea kumpulizia Hamoudi nyama miaka miwili mingine kwa sababu mimi naogopa Ijumaa.

Nikasema, "Nenda nyumbani."

Akaniangalia. "Mimi nilidhani unataka nibaki."

"Nataka ubaki," nikamwambia. "Sana. Nenda."

Mama Neema alivuta kiti chake kutoka ng'ambo ya meza akaja kukaa ubavuni kwangu, tukala sahani moja, vile vipande vidogo vidogo, yeye kimoja mimi kimoja. Hata maharagwe tuliyafukua tukala. Sijawahi kula chakula kitamu namna ile, na sitakula tena kwa sababu nusu yake ilikuwa ni kuagana.

Jumamosi akamwambia madam. Madam alilia, akamkumbatia, akamnunulia Neema sanduku zima la nguo. Siku ya safari Hamoudi alishika miguu yake mlangoni ikabidi abanduliwe. Mama Neema ananiambia ile sauti bado anaisikia. Kwa hivyo msifikirie kuna njia hapa isiyokuwa na mtoto anayelia.

Kufika Voi, Neema alimkimbia. Alijificha nyuma ya bibi yake, akawa anamwita "aunty." Mke wangu alinipigia simu akiwa chooni ili wasimwone. Nikiwa gate, siwezi hata kuketi, nikamwambia tu, "Vumilia, mama. Vumilia."

Ijumaa zangu sasa ni ndefu kupita maelezo. Najma sijaenda tena. Naosha nguo, nalala, naamka, bado ni Ijumaa.

Somo langu ni moja, na sitajifanya mshauri wa ndoa. Kabla hujamwambia mwenzako ubaki au uende, jiulize anayeambiwa ni mke wako au ni dawa yako ya upweke. Mimi nilikuwa nimevichanganya.

Wale mlio na wake au waume huku na watoto nyumbani, mlifanyaje? Na nyinyi mliolelewa na bibi wazazi wakiwa Ghuba, semeni kweli, mliwasamehe? Niandikieni hapa chini, hata matusi nitasoma, zamu ni ndefu.

Lakini kabla hamjaanza kunihurumia, jana nilipiga simu nyumbani mchana. Ikapokelewa, kimya, halafu nikasikia kasauti kananong'ona.

"Baba, usipige kelele. Mama amelala."

Nikamwambia, "Neema, mpe mama simu."

"Siwezi. Mkono wake uko juu yangu, nikitoka ataamka. Piga kesho."

Akakata.