Asali Katika Unga wa Zambarau

Nakumbuka asubuhi moja pale Vihingo, enzi za Mwingereza, mganga wetu Babu Sefu kachuchumaa nyuma ya nyumba anatazama sisimizi. Mama yangu alikuwa amekonda, kiu haimwishi, kidonda cha mguu hakifungi, na kila alipokojoa sisimizi walijaa. Zahanatini walimfunga kidonda, wakasema mengine tumwachie Mungu. Wiki chache kabla ya asubuhi hiyo, Babu Sefu alikuwa amenipa kokwa kavu za zambarau nitwange, nichekeche, mama anywe kijiko kidogo asubuhi na jioni, na vitamu asiguse. Sisimizi ndio watakaotuambia, alisema.

Unga ule mchungu, mwanangu, unakausha ulimi. Mama akautema. Mimi, msichana niliyejiona nina huruma kumshinda mganga, nikaukorogea asali. Akanywa, akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Basi asubuhi hiyo sisimizi walikuwa wamezidi. Babu akaomba kikombe cha mama, akachovya kidole, akalamba.

"Umetia nini humu?"

"Asali kidogo, babu. Alikuwa anatema."

"Sukari inamla mama yako, na wewe unaipakulia. Huruma yako hiyo itamzika."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilimchelea mama. Nikalia, kisha nikatwanga upya. Mama akaniita mchawi, akanywa. Taratibu sisimizi wakapungua, kidonda kikafunga, akarudi shambani. Kupona kabisa hakupona: siku akiiba kipande cha muwa, walirudi kumsuta.

Yule mfunga vidonda wa zahanati aliposikia alicheka, eti watu wa porini tunafundishwa na wadudu. Nikamjibu mbele ya watu, "Sisimizi hawajasoma, kama mimi. Lakini hawajui uongo." Leo ningemjibu vilevile.

Nasikia sasa wasomi wanazichemsha kokwa zilezile kwenye chupa, wanatafuta kilichomo. Wachemshe. Sisi tulianza na kinu.

Kwa hiyo, mwanangu, asikutie mtu haya kwa mti wa kwenu. Wala wewe usimdanganye mgonjwa kwamba mti unamaliza kila kitu. Kapime damu hospitali, na daktari mwambie unachokunywa, akikasirika akasirike. Ukiambiwa kijiko, ni kijiko. Na dawa chungu usiitie asali ili upendwe.

Mungu akupe ulimi usioogopa uchungu, na miguu yako yote miwili uzeeke nayo. Amin.