Nyundo ya Shemeji

Mume wangu Orville Teague alikuwa fundi bunduki wa mji wetu huku Oklahoma, na kwa bastola kuukuu hakuwa na mpinzani. Jina lililochongwa kwenye mtutu hakulijali. Alifungua ubavu, akachungulia matumbo, ndipo akakwambia ni ya toleo gani na kipuri gani kitaingia. Mdomo nao alikuwa nao.

Mdomo huo ndio uliomfukuza kaka yangu Dub, aliyekuwa akiwatengenezea majirani bunduki kwenye meza ya jikoni kwake. Kijichuma kinachosukuma silinda, lile gurudumu lenye matundu ya risasi, kikilika, Dub hatafuti kipya. Hukilaza juu ya fuawe, akakigonga kwa nyundo kirefuke. Sikukuu ya Shukrani, tuko mezani kwangu, bata mzinga hajakatwa, Orville akamwita mhunzi wa kwato za farasi mbele ya wageni. Dub hakukanyaga tena kwangu. Nilibaki katikati ya mafahali wawili, na nyasi ni mimi.

Kisha binti mmoja, Ardith Kolar, akaja dukani na bastola ya baba yake, polisi mstaafu. Binti alikuwa ameivunja akiisafisha, na kesho yake mzee anatoka hospitali.

"Akijua, atarudi huko huko," alisema, akilia na kucheka pamoja.

Orville aliifungua, akakuta kijichuma kile kimevunjika. Ardith alikuwa amenunua kipya kwa kufuata jina la kwenye mtutu, lakini hakikufaa. Bastola ilikuwa ya toleo la zamani kuliko jina hilo. Akapekua makopo yake na kupata kimoja, cha mwisho. Vipuri hivyo huja virefu. Unapunguza kwa tupa, unajaribu, unapunguza tena.

Mchana akaniita, tupa bado mkononi.

"Verna, nimepitiliza."

Silinda ilisimama kabla ya tundu kulingana na mtutu. Hilo si la mzaha: ukifyatua hivyo, risasi inaweza kukupasukia mkononi.

"Si ukigonge kirefuke?"

"Sijawahi! Nitakivunja."

"Nani anaweza?"

Akanitazama kwa chuki kabisa, kisha akachukua kofia.

Jikoni kwake, Dub alikishika kijichuma kwenye mwanga wa dirisha.

"Shemeji, nani kakichinja hiki?"

"Mimi."

"Sijasikia."

"Mimi, Dub! Unataka nipige tarumbeta?"

"Ungepiga ningefurahi," Dub akasema, akavuta fuawe yake ndogo. Akagonga kidogo, akapima, akagonga tena. Orville akainama kutazama kila pigo.

Wakakirudisha ndani. Orville akaivuta nyundo ya bastola polepole, tundu moja baada ya jingine, na kila mara silinda ikakaza mahali pake. La sita lilipokaza, nikakaa chini sakafuni. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile.

Asubuhi Ardith akaja dukani mbio mbio.

"Imepona?"

"Imepona."

"Mungu akubariki, Orville! Nilijua hakuna kama wewe."

Nikamtazama mume wangu. Angeweza kunyamaza tu, na mimi ningejua, na Dub angejua, basi. Akakuna kidevu.

"Mimi niliiharibu zaidi," akasema. "Aliyeiponya ni shemeji yangu. Yuko nje kwenye gari, anaona haya kuingia."

Ardith akatoka. Punde tukamsikia Dub akipiga kelele kwamba mabusu yametosha.