Pampu Niliyoipeleka Ivuna

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliteremka Ivuna, kule bondeni, kutoka kwenye lori la mahindi, nimekumbatia pampu ya petroli kama mtu aliyebeba mtoto wake wa kwanza. Ilikuwa miaka ile biashara imeachiwa huru, na pale Tunduma mpakani kila kukicha kulikuwa na kitu kipya. Mimi mtoto wa Ruanda, kijiji cha mashamba ya kahawa kule milimani, nilikuwa kijana mbichi, nikidhani kila chenye injini kina akili kuliko mtu.

Akina mama wa Ivuna walitengeneza chumvi kama bibi zao. Walichota maji ya chumvi kwenye chemchemi, wakayachuja katika chungu chenye matundu kilichotandikwa nyasi, kisha wakayachemsha mpaka yakauke. Kazi hiyo ni ya kiangazi tu, maana masika chemchemi humezwa na mafuriko. Mkubwa wao alikuwa Bibi Namwinga, mwembamba, mikono imepauka kwa chumvi.

Nikawaambia waweke ndoo chini, pampu itajaza mapipa kabla hawajamaliza uji.

Bibi aliizunguka pampu, akaigusa kwa kidole. "Mjukuu wangu, hii imewahi kunywa maji ya hapa?"

"Maji ni maji, Bibi."

Akaweka ndoo yake chini. Wenzake wakaacha kuchota. Wengine hata ndoo zao wakazigeuza za kunyweshea kuku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyoamini.

Siku za mwanzo watu walikuja kutazama maji yakiruka. Haikupita muda pampu ikaanza kukohoa. Nilipoifungua, chuma cha ndani kilimong'onyoka vidoleni kama mkate mkavu. Nilikwenda Tunduma kutafuta kipuri, nikarudi, nikakifunga, nacho kikaliwa na chumvi. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa milimani. Chumvi ile ndiyo iliyobadilishwa kwa mahindi ya mwaka mzima, na mapipa yalikuwa matupu, maana wote tuliingoja pampu. Akina mama hawakunitukana. Waliacha tu kuniangalia, na hilo liliniuma zaidi.

Nikafunga mzigo wangu niondoke na lori. Bibi akanikuta barabarani.

"Unakimbia nini?"

"Aibu, Bibi. Chombo hiki ni takataka."

"Chombo hakina kosa. Umekipeleka mahali kisipoweza kuishi. Kitengeneze, kipeleke mtoni kwenye mpunga wa mwanangu, huko maji ni matamu. Ila kwanza shika ndoo."

Nikashika ndoo. Nilichota mpaka viganja vikachubuka, na tuliokoa nusu ya chumvi kabla ya mvua. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza maji machafu yakigeuka meupe juu ya moto, punje kwa punje, bila mtu kuyaamuru. Sikujua chungu cha udongo kina elimu kiasi hicho.

Na pampu je? Ilinywesha mpunga kule mtoni miaka mingi, haikuugua.

Miaka ikapita. Chumvi ya pakiti ikajaa madukani, hata mimi nikasema kazi ya akina mama imekwisha. Niliporudi Ivuna, kweli sikuikuta ile chumvi kwenye mboga za watu. Lakini vyungu vilikuwa motoni. Wafugaji waliohamia bondeni walikuwa wakija kuichukua kwa ajili ya ng'ombe wao, na nilisimama nikiwaangalia ng'ombe wakilamba kwa macho yaliyofumbwa, kundi hadi upeo wa macho. Bibi Namwinga alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake ndiye aliyekuwa akikoleza moto, akaniambia, "Karibu, Baba, watu wametuacha, ng'ombe wametupenda." Nikacheka, machozi yakanitoka.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi vipya. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kikija chombo kipya mkononi mwako, kiulize kitaishi wapi na kitakula nini, na uwaulize wanaokaa hapo kabla hujawaambia waweke vyao chini. Na kile ulichosikia kimepitwa na wakati, usikizike upesi. Nenda kaone nani bado anakihitaji. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usipande lori. Baki ufanye kazi na uliowaharibia.

Mungu akupe macho ya kushangaa mpaka uzeeni, na mikono isiyoona haya kushika ndoo.